NYUMBA YETU: Mkono wa kitasa unapolegea



Mlango wa mbele wa nyumba hupewa heshima zote. Baba huununulia kitasa kizuri na komeo la chuma, mama huupangusa kila Jumamosi, na fundi huitwa upesi ukianza kulia. Lakini milango ya ndani, yaani ile ya vyumba vya kulala, ya stoo na ya bafu, haina mtetezi. Mikono ya vitasa vyake hulegea mwezi baada ya mwezi, na watu wa nyumba huzoea. Huyu huunyanyua mkono kidogo kabla ya kuukandamiza, yule huuvuta kwa vidole viwili, na mgeni huonywa: «Uushike polepole.» Mwisho, siku moja, mkono hubaki kiganjani mwa mtu, na mlango haufunguki.

Msiseme ni jambo dogo. Fikirini ni nani atakayekuwa ndani siku hiyo. Huenda ni mtoto wa miaka mitatu asiyejua afanye nini ila kulia. Huenda ni bibi mgonjwa, usiku, umeme umekatika na mshumaa unawaka juu ya sanduku. Mlango wa nje umewekwa kumzuia mwizi. Mlango wa ndani usiwe gereza la mwenye nyumba. Basi leo tujifunze kuutengeneza. Mara nyingi ni kazi ya nusu saa, wala haihitaji fundi.

Tuanze kwa kujua viungo vyake. Ndani ya ubao kumezama kitasa chenyewe, chenye ulimi unaoingia katika mwimo. Katikati ya kitasa mna tundu la pembe nne. Humo hupita chuma kifupi cha pembe nne, nasi tukiite mhimili. Mkono mmoja umeshikamana na mhimili huo. Mkono wa pili huvishwa upande mwingine, ukafungwa kwa parafujo ndogo isiyo na kichwa, chini ya shingo yake. Katika nyumba nyingi za zamani, badala ya parafujo hiyo kuna kijisumari kinachopenya shingo na mhimili pamoja. Tena, kila upande kuna bamba la chuma lililofungwa ubaoni kwa parafujo, au visi, kama wengi wetu tunavyoziita sokoni.

Sasa tafuteni chanzo cha ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Fungueni mlango wazi, mwekeeni jiwe chini usijifunge, kwa maana haifai kamwe kufungua kitasa mlango ukiwa umefungwa. Shikeni bamba kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine mtikise mkono wa kitasa.

Bamba likicheza, parafujo zake zimelegea. Zikazeni kwa bisibisi inayojaa vizuri katika mfuo wa kichwa, maana bisibisi ndogo mno huharibu mfuo. Kama parafujo inazunguka bila kukaza, tundu limepanuka na mbao haina tena kitu cha kuuma. Hapo wengi huweka parafujo nene zaidi, na ubao hupasuka. Njia bora ni hii: chongeni vibanzi vyembamba vya mti mgumu, au chukueni njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa, mvipake gundi ya mbao, mvisukume tunduni mpaka lijae. Kateni kilichozidi, acheni ikauke usiku mzima. Kesho yake toboeni katikati kwa msumari mwembamba, kisha rudisheni parafujo ileile. Itauma kana kwamba mlango ni mpya.

Angalieni tu kama mlango ni wa ubao mzima au wa mbao mbili nyembamba zenye uwazi katikati. Ugongeni kwa kidole: ukilia kama ngoma, una uwazi. Mlango wa namna hiyo haupendi nguvu. Mkikaza kupita kiasi, ngozi yake hubonyea, na bamba halitatulia tena.

Bamba likitulia na mkono ukacheza, kosa liko kwenye mhimili. Tazameni chini ya shingo. Parafujo ndogo hukazwa kwa bisibisi nyembamba, au kwa ufunguo wa pembe sita ikiwa ina tundu la pembe sita. Kabla ya kukaza, sukumeni mikono yote miwili ikaribiane na mlango, lakini isibane bamba hata ikashindwa kurudi juu. Kama kijisumari kimeanguka, msitie kipande chochote cha waya laini, maana waya hukatika upesi. Kateni msumari wa chuma wenye unene wa tundu, na mwupinde ncha kidogo usichomoke.

Yako mambo mengine yanayowasumbua wengi bila kujulikana. Mhimili wa vitasa vya Kifaransa huwa na upana wa milimita 7, na ule wa milango ya ndani ya Kijerumani milimita 8. Mtu akinunua mikono sokoni bila kupima, mhimili wa 7 hucheza katika tundu la 8 hata akikaza mara mia. Kwa hiyo chukueni mhimili wa zamani mwende nao dukani. Kama kosa limekwisha kufanyika, zipo ala nyembamba za chuma za kuvisha mhimili wa 7 ili ujaze tundu la 8.

Ikiwa mkono haulegei bali unainama tu kama bawa la kuku mgonjwa, kamani ya kitasa imevunjika. Toeni mkono na mhimili, mfungue parafujo mbili za ukingoni mwa mlango, mvute kitasa chote. Mara nyingi ni afadhali kununua kitasa kingine cha vipimo vilevile kuliko kuunga kamani.

Na mara nyingine mkono hauna kosa lolote. Mlango umeshuka bawabani, au mbao imevimba kwa mvua, hata ulimi haulikuti tundu lake katika mwimo. Watu huuvuta na kuusukuma kwa nguvu, na mkono ndio unaolipa. Kazeni kwanza parafujo za bawaba. Kwa wenzetu wa Bukavu na milima ya Kivu, msikimbilie randa katikati ya mvua. Mlango uliorandwa mwezi wa nne huacha upenyo mwezi wa saba, mbao ikikauka. Subirini kiangazi, kisha mpime kwa haki.

Haifai kufunga mkono kwa vipande vya mpira wa baiskeli, wala kuumwagia gundi kali. Mpira huficha ubovu tu, na gundi humzuia mtu kufungua kitasa siku atakapohitaji kukifungua kwa haraka.

Na siku hiyo ikifika, mkono umeng'oka na mtu yuko ndani, fanyeni hivi. Aliye nje asivute mkono wake, kwa sababu atauchomoa mhimili, na wote wawili watabaki bila kitu. Ausukume ndani taratibu huku akiukandamiza chini. Aliye ndani akiona ncha ya mhimili, aishike kwa koleo na kuizungusha. Kama tundu ni tupu, aingize bisibisi, ncha ya mkasi au mpini wa kijiko, azungushe. Mtoto asemeshwe kwa sauti ya upole, na aambiwe akae mbali na mlango. Kwa sababu hiyo yafaa kuweka koleo au bisibisi moja ndani ya chumba cha wazee. Tena mbabula ya makaa isiingizwe kamwe katika chumba cha kulala: moshi wake usioonekana huua hata mlango ukiwa mzima, sembuse mlango usiofunguka.

Nanyi wanafunzi mliorudi likizo, msingoje baba aulize. Jumamosi hii piteni mlango hadi mlango, mjaribu kila mkono, mwandike katika daftari upi unacheza na kwa nini. Kisha wekeni parafujo zote bakulini mnapofanya kazi, zisipotee sakafuni. Baba na awafundishe binti na mwana pamoja, kwa maana siku ya hatari haichagui atakayekuwa nyumbani.

Wahenga walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende. Parafujo moja leo ni zamu moja ya bisibisi. Ikiachwa, kesho ni mlango wa kuvunjwa kwa shoka, na mtu anayelia nyuma yake.