Kazi Isiyopigiwa Makofi



Juzi katika mdahalo tuliulizwa kila mmoja atapenda kazi gani. Wengi walitaja udaktari na uwakili, na saba walitaka kuwa wabunge. Nilipojibu kwamba mimi napenda kuwapigia wabunge hesabu, wote walicheka. "Karani!" wakasema. Sikupewa muda wa kujieleza, basi nitajieleza hapa.

Jimbo la California, huko Marekani, lina ofisi ya kazi hiyo tangu mwaka 1941. Kabla ya hapo gavana alileta makadirio yake ya fedha, nao wabunge hawakuwa na mtu wao wa kuyachungua; walikubali au kubisha gizani. Walipopitisha sheria ya kuanzisha ofisi yao, gavana aliikataa. Wakaianzisha kwa kanuni za bunge lenyewe. (Si ajabu. Nani apendaye kuhesabiwa fedha zilizo mfukoni mwake?)

Kila Januari gavana huleta bajeti, na bunge hutakiwa kuipitisha kufikia tarehe 15 Juni. Katika miezi hiyo washauri hao huipekua, huyu mambo ya shule, huyu magereza, huyu maji, kisha huandika waziwazi: mapato haya yamekisiwa mno, mpango huu utagharimu kiasi hiki. Mkuu wao huwekwa na kamati ya wabunge 16, wa vyama vyote viwili. Bwana A. Alan Post alishika cheo hicho tangu 1949 hadi 1977. Magavana watano walipita, wa chama hiki na wa chama kile, naye yupo na kalamu yake. Hebu fikirini, miaka 28 katikati ya wanasiasa, wala husemi "chama chetu"!

Rafiki yangu mmoja aniambia kwamba mtu asiye na upande ni mwoga. Sivyo. Mwenye chama akikosea ana wenziwe wa kumtetea. Huyu akisema kweli aweza kuudhi pande zote kwa siku moja, na hana pa kukimbilia. Yaliwapata. Novemba 1990 wapiga kura wa California, kwa kuchoshwa na wanasiasa, walipunguza muda wa wabunge na fedha za bunge pia. Shoka likaiangukia ofisi hii, na watumishi wake wakapungua sana. Mwaka 1992 wananchi waliombwa waitoe ofisi katika kifungo hicho, wakakataa.

Hapo, nakiri, moyo wangu wasita, maana mimi nina mama wa kumtunza na wadogo wawili wa kulipiwa karo. Lakini ofisi haikufa. Ipo mpaka leo. Na wale wabunge wapya wa baraza la chini, ambao sheria ile iliwaruhusu miaka 6 tu, wangemwuliza nani habari za bajeti za zamani, ila karani huyo?

Hapa kwetu Uganda, sheria ya mwaka 2001 ilianzisha ofisi ya bajeti katika Bunge letu. Kama yuko mwanafunzi wa zamani wa shule yetu aliyefanya kazi humo, namwomba aje atuzungumzie Jumamosi moja jioni. Nina maswali mengi, na la kwanza ni la mshahara.