Mjumbe wa Dodoma Anabeba Kura ya Nani?

Oktoba 2022 Rais alitangaza kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kuwa Pori la Akiba la Pololeti. Kwa mfugaji wa kata ya Soitsambu, wilayani Ngorongoro, sahihi ya Rais hufika hadi malishoni. Kwa hiyo swali la nani humteua mgombea urais ni lake pia, hasa kwa kuwa Ibara ya 39 ya Katiba humtaka mgombea apendekezwe na chama cha siasa. Mgombea binafsi hana mlango.

Ndani ya CCM, chama tawala, mwanachama wa tawi hampigii kura mgombea urais. Huchagua viongozi wake, nao huchagua wengine, hadi wilaya ipate wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao hufika Dodoma na kukuta majina yameshachujwa. Mwaka 2015 waliorudisha fomu walikuwa 38. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu watatu, na wajumbe wakampa John Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Edward Lowassa, mmoja wa hao 38, hakufikishwa hata mbele ya wajumbe. Akahamia chama cha upinzani cha CHADEMA na kupata karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima. Chujio lililomwona mtu huyo hafai hata kupimwa na wajumbe halikuwa likisikiliza matawi. Wajumbe wakiachiwa ushindani wa kweli wanaweza kuamua: mwaka 1995 Benjamin Mkapa alimshinda Jakaya Kikwete kwa kura 686 dhidi ya 639. Januari 2025 wajumbe walipigia kura jina moja tu.

Marekani nayo ilipitia huko. Mwaka 1968 chama cha Democratic kilimteua Hubert Humphrey kugombea urais katika mkutano wake wa Chicago bila yeye kushindana katika kura za awali za majimbo. Ghasia za mkutano ule zikalazimisha kanuni mpya. Leo chama hicho hugawa wajumbe wa kila jimbo kwa uwiano wa kura, na anayefikia asilimia 15 hupata fungu lake. Mjumbe huondoka nyumbani na maagizo ya waliomtuma.

Wapo wanaohofia kwamba kura ikishushwa matawini, pesa itashuka nayo. Hofu hiyo ina msingi, lakini wajumbe elfu mbili waliokusanyika mji mmoja ni rahisi zaidi kuwafikia kuliko wanachama waliotawanyika nchi nzima. CCM yenyewe iliruhusu wanachama wote kupiga kura za maoni za ubunge mwaka 2010 na 2015, na mwaka 2025 ikapanua tena idadi ya wapigaji baada ya kuibana mwaka 2020. Wengine husema mikoa yenye watu wengi itaimeza midogo. Hapo ndipo uwiano unaposaidia: kila wilaya ibaki na idadi yake ya wajumbe, ila wagawanywe kwa wagombea kulingana na kura za matawi yake. Ngorongoro itasikika kwa sauti yake, hata kama imegawanyika.

Mwaka 2030 Rais aliyepo hataruhusiwa kugombea tena. Kabla ya hapo, Mkutano Mkuu ubadilishe katiba ya chama: majina matatu ya mwisho yashuke kwanza matawini, Soitsambu ikiwemo, ndipo mjumbe apande basi la Dodoma.