Kurejea Baharini Baada ya Kuumia

Wapo vijana wengi wa mwambao wetu ambao, wakisha kuteguka bega kwa kujirusha baharini kutoka ukutani, au kuvunjika mkono kwa kuanguka ngazini, huona kila siku ya kufungwa gango ni siku ya kifungo, na siku wafunguliwapo hushuka pwani moja kwa moja wakajitosa mbele ya wenzao, ili ionekane kwamba hawakupungukiwa na kitu. Nawasihi hao, na wazazi wao pia, wanisikilize, kwani kukoma maumivu si kupona, na hapana mahali panapoificha tofauti hiyo kama majini.

Nchi kavu, mwenye mguu mbovu huchechemea, watu wakamwona na mwenyewe akajua kiasi chake. Lakini mtu akisimama majini hadi shingoni, uzito unaoielemea miguu yake hausalii ila kadiri ya sehemu moja katika kumi. Na aogeleapo hubebwa mwili mzima, akadhani siha yake ya zamani imemrudia, ilhali kano za bega, ambazo aghalabu hupata damu kidogo kuliko mfupa na kwa hiyo hukawia kupona, zingali dhaifu. Huenda kwa raha mpaka kwenye mashua zilizotia nanga. Udhaifu humbainikia wakati wa kurudi, mkondo unapompinga na mkono umekataa kuinuka.

Najua nitajibiwa kwa habari za Natalie du Toit, binti wa Cape Town aliyegongwa na gari mwaka 2001 akitoka mazoezini kwa pikipiki yake ndogo, akakatwa mguu wa kushoto gotini, naye akarejea bwawani baada ya miezi michache tu. Ni kweli, na ushujaa wake nausifu. Lakini wanaomtaja huishia hapo, wasikumbuke kwamba mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya Beijing, alikotokea wa 16 akishindana na wanawake wenye miguu yao miwili, zilikuwa mwaka 2008. Mwenye kutaka kumwiga na aiige miaka hiyo saba.

Wala sisemi mtu ajikalie barazani kwa hofu, maana kiungo kisichotumiwa hukakamaa. Tabibu akisharidhia, na kidonda kama kipo kimefunga kabisa, na angoje maji mafu, ambapo kujaa na kupwa ni kudogo na mikondo haina nguvu. Aogelee sambamba na ufuo, asiuelekee mkondo mkuu, mahali ambapo akisimama maji hayampiti kifua, na mwenzake awe karibu. Kwanza aelee chali akipiga miguu, mikono kailaza ubavuni. Baadaye aitumie mikono chini ya maji. Kuirusha juu ya kichwa kuje mwisho, hata ikiwa ni baada ya miezi. Wenzake wakimcheka na wacheke, hawatalala wao na bega hilo usiku. Na mara aonapo mkono ulioumia unavuta maji kidogo kuliko mzima, asimame, arudi ufukoni kwa miguu, ijapokuwa hajafika hata nusu ya alikokusudia.