Wimbo nao ni zao, usiuzwe ghafi

IMEKUWA kawaida sasa katika baa, daladala na sherehe za harusi kusikia wimbo wa zamani ukiwa na mdundo mpya. Wakati mwingine sauti ya mwimbaji ni ileile, ila mwendo umeongezwa na zimetiwa ngoma za disko au singeli. Wakati mwingine wimbo unaimbwa upya kuanzia mwanzo. Yote hayo mitaani huitwa rimiksi.

Hatuna ugomvi na rimiksi. Huurudisha sokoni wimbo uliosahaulika na kuwapa kazi vijana wa studio na wapiga disko. Wasiwasi wetu ni juu ya mgawo, kwa sababu fedha zinapoanza kuingia, mara nyingi mtunzi hayupo mezani.

Mkulima wa korosho analielewa jambo hili. Huuza korosho ghafi, kisha huikuta dukani imebanguliwa na kufungwa kwenye pakiti kwa bei ambayo yeye mwenyewe haimudu. Wimbo nao ni zao, na rimiksi ndicho kiwanda chake. Anayeuza wimbo moja kwa moja kwa fedha ya mkupuo hana dai tena kiwanda kikianza kazi.

Mfano mzuri ni wa Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi wimbo wa Kizulu uitwao Mbube, na baadaye haki zake zikaenda kwa kampuni ya kurekodi kwa shilingi 10. Wimbo ulivuka bahari. Mwaka 1961 kundi la The Tokens la Marekani liliutoa kwa jina la The Lion Sleeps Tonight, mwaka 1982 kundi la Tight Fit la Uingereza likaufanya wa kuchezeka zaidi, na mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya The Lion King. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini.

Warithi wake walifungua kesi mwaka 2004 na kufikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006. Hawakusaidiwa na huruma ya mtu. Walisaidiwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Hatushauri mtu yeyote aitegemee bahati ya namna hiyo.

Afrika Mashariki nako tuna funzo letu. Malaika ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya, ukaimbwa na Miriam Makeba, na mwaka 1981 Boney M. wakauweka katika mdundo wa disko. Wimbo unajulikana dunia nzima, lakini hadi leo wapo wanaosema mtunzi ni Fadhili William na wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Maandishi ya mapema yangemaliza ubishi huo.

Hapa Tanzania ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake isibadilishwe. Anayetaka kuimba wimbo upya kwa mdundo mwingine aombe ruhusa ya mtunzi. Anayechukua sauti iliyokwisha kurekodiwa anahitaji pia ruhusa ya mwenye rekodi hiyo. Hao wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na kulipa mmoja si kumlipa mwingine.

Kwa hiyo tunawashauri watunzi, vikiwamo vikundi vya ngoma na kwaya vijijini, wasajili kazi zao katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) kabla ya kumkaribisha mtu mwenye kinasa sauti. Mkataba uwe wa maandishi, utaje matumizi yanayoruhusiwa, muda wake na asilimia ya mtunzi katika kila toleo jipya. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini, si na mnunuzi.

Wafanyabiashara wadogo nao wana sehemu yao. Mwenye studio aweke nakala ya ruhusa kabla ya kuanza kazi, maana rimiksi isiyo na ruhusa ni sawa na mzigo usio na risiti: siku yoyote mwenyewe anaweza kuja kuudai. Mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi naye ajue kuwa anauza mali ya watu, na aulize taratibu za kupata kibali.

Mwisho, tunawaomba viongozi wa halmashauri, hasa maofisa utamaduni, wasisubiri wasanii wawafuate mjini. Bwana shamba humfuata mkulima shambani. Elimu ya hakimiliki nayo imfuate mtunzi kijijini kwake, kabla mnunuzi hajafika.