Bunduki Mbili Zatosha

Kila mwaka mahindi yanapoanza kukomaa, neno moja husikika katika mabaraza ya skimu zilizo karibu na misitu na mbuga: "Serikali itupe bunduki." Neno hili si geni Shimba Hills, wala Lamu, wala kando ya milima ya Aberdare. Wala hatuwezi kumlaumu mtu anayelisema. Tembo wachache wakiingia shambani usiku mmoja, kazi ya msimu mzima imekwisha, na deni la mbegu na mbolea labaki palepale.

Lakini mwulize mtu huyo, "Bunduki gani?" Mara nyingi atajibu, "Bunduki ni bunduki." Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu ya maneno haya. Jembe la kulimia mpunga silo la kung'olea visiki, na wewe mkulima walijua jambo hilo vizuri. Bunduki nazo ni vivyo hivyo. Iliyo nzuri kwa nguruwe mwitu yaweza kumwua aliyeishika, akiielekeza kwa nyati.

Maoni yangu ni haya: kwa wanyama wote wanaotusumbua katika skimu zetu, bunduki za vipimo viwili zatosha. Zisiwe nyingi kuliko hivyo, na zikae mikononi mwa watu waliofundishwa kazi hiyo. Soma sababu zangu kwanza, kisha uamue.

MAANA YA NAMBARI

Nambari ya bunduki huonyesha upana wa tundu la mtutu. Waingereza na Wamarekani huupima kwa inchi. Ukiigawa inchi moja katika sehemu elfu moja, sehemu 375 ndizo .375. Watu wa Ulaya bara hupima kwa milimita. Kwa hiyo .30 na milimita 7.62 ni upana mmoja. Bunduki ya .375 ina upana wa milimita 9 na nusu hivi, na ya .458 ni zaidi kidogo ya milimita 11 na nusu.

Bunduki ya marisau huhesabiwa kwa njia nyingine. Ile ya namba 12 huitwa hivyo kwa kuwa vidonge 12 vya duara vya madini ya risasi, vyenye upana wa mtutu wake, vina uzito wa ratili moja.

Lakini usidanganywe na nambari peke yake. Bunduki ya AK-47 na bunduki ya G3 zote mbili ni za milimita 7.62, hata hivyo risasi ya moja haifai katika nyingine. Ganda la risasi ya AK lina urefu wa milimita 39, la G3 milimita 51. Bunduki ya wawindaji iitwayo .30-06 ina upana huohuo wa mtutu, na ganda lake ni la milimita 63. Upana ni mmoja, risasi ni tatu mbalimbali.

Tena angalia uzito wa kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka na kumpiga mnyama. Cha AK kina gramu 8. Cha G3 kina gramu 9 na nusu hivi. Cha .375 kina gramu 19, na cha .458 gramu 32. Nyati dume aweza kuwa na uzito wa kilo 700 na zaidi. Pima mwenyewe.

VIPIMO VIWILI

Kipimo cha kwanza ni cha .30, kama ile .30-06 iliyotengenezwa Marekani mwaka 1906, au ndugu yake .308. Kwa kichwa cha gramu 11 au 12 chenye ncha laini, bunduki hii yatosha kwa nyani, fisi, ngiri, nguruwe mwitu, chui na hata punda milia. Ncha laini hupanuka ndani ya mwili, na mnyama huanguka karibu, asiende kufia shambani mwa mtu mwingine.

Kipimo cha pili ni .375, iliyotolewa na nyumba ya Holland & Holland ya London mwaka 1912. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na wanaofanya kazi ya wanyama wakubwa katika Afrika bado waitumia. Ubora wake ni kwamba bunduki moja yapokea vichwa vya namna mbili. Cha ncha laini ni cha simba. Kigumu, kisichopanuka, ni cha kiboko na tembo, kwa kuwa hupenya ngozi nene na mfupa bila kupotea njia. Kwa nyati, wengi huanza na kilaini na kufuatiza na kigumu.

Wengine watasema kwamba kwa tembo yafaa .458, iliyotoka Marekani mwaka 1956. Sikatai. Kwa mtu anayefuata tembo aliyejeruhiwa ndani ya kichaka kizito, uzito ule ni rafiki. Lakini bunduki hiyo hupiga bega la mpigaji kwa nguvu nyingi, na asiyeizoea hufumba macho kabla ya kufyatua. Iwekwe makao makuu kwa wazoefu wachache. Isiwe bunduki ya kila kituo.

Kwa nini nakataa vipimo vingi? Kwanza, risasi ni za gharama. Kituo chenye bunduki za namna tano kitakuwa na risasi chache za kila namna, na siku ya haja ile inayotakiwa ndiyo itakayokosekana. Pili, kazi hii mara nyingi ni ya usiku, na mtu mwenye haraka akipapasa mfukoni gizani aweza kutoa risasi isiyo ya bunduki yake. Tatu, mtu hupata shabaha kwa kuzoea bunduki moja. Mwenye bunduki tano hajui hata moja. Wazee walisema, mtaka yote hukosa yote.

Wala si shauri la maskini tu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi wa Machi 1909, alifika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka huohuo kuwinda kwa ajili ya jumba la makumbusho la nchi yake. Fedha hakukosa, wala marafiki wa kumpa silaha. Lakini safari yake kubwa ya miezi mingi aliitegemeza juu ya bunduki tatu tu: nyepesi ya .30, ya kati ya .405, na nzito yenye mitutu miwili. Kwa ndege alikuwa na moja ya marisau. Ikiwa yeye, aliyewinda kuanzia swala hadi tembo, alitosheka na tatu, kituo cha skimu chatosheka na mbili.

BUNDUKI YA POLISI WA AKIBA

Sasa nafika kwenye jambo lenye kuua watu. Katika sehemu nyingi polisi wa akiba amepewa G3, au alikuwa na .303 ya zamani, ili awazuie wezi wa ng'ombe. Nyati akiingia mahindini, wakulima humkimbilia jirani yao huyo: "Wewe una bunduki, mpige!" Naye huona haya kukataa mbele ya watu.

Bunduki ile ilitengenezwa kwa vita vya binadamu. Risasi yake ina ncha kali na imefunikwa madini magumu, nayo ikiingia katika mwili mkubwa hubiduka na kuacha njia yake. Ubongo wa tembo umekaa ndani sana, nyuma ya mfupa mnene wenye vijumba kama sega la nyuki. Risasi nyepesi yaweza kuishia humo, na tembo akaondoka na maumivu na hasira.

Nyati ni mbaya zaidi. Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani akasimama kimya, naye humrukia yeyote atakayepita karibu. Asubuhi yake anayepita siye polisi wa akiba. Ni mama anayekwenda kuteka maji, au mtoto anayekwenda shule. Usiku ule mahindi yalipona, na kesho yake watu wanachimba kaburi.

Basi usimsukume jirani yako. Akikataa kumpiga nyati kwa bunduki hiyo, usimwite mwoga. Mshukuru, kwa kuwa amewaokoa wengi.

"LAKINI BELL ALIUA TEMBO KWA BUNDUKI NDOGO"

Wanaojua habari za zamani hupenda kumtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kweli kwamba aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 tu. Lakini tazama jinsi alivyofanya. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue mahali ubongo ulipo kutoka kila upande. Alitumia vichwa vigumu virefu vinavyokwenda moja kwa moja. Aliwapiga mchana, karibu, naye ndiye aliyechagua saa na mnyama. Wewe waamshwa saa nane ya usiku, tochi moja, mvua yanyesha, watoto walia nyumbani. Bell hakukuachia urithi wa kufaa usiku huo.

KWA NINI ISIWE NYUMBANI MWAKO

Utauliza, kama bunduki ni mbili tu na zajulikana, kwa nini kila mkulima asinunue? Kwanza ni sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na bunduki bila cheti ni kosa kubwa. Pili ni hali ya skimu zenyewe. Zamani penye shamba moja kubwa, leo pana nyumba mamia. Risasi ya .30 ikikosa shabaha yaweza kuruka zaidi ya kilomita 3 kabla ya kuanguka. Katika kilomita 3 za skimu yako mna nyumba ngapi, shule ngapi, ng'ombe wangapi wa majirani? Tatu, bunduki iliyofungiwa nyumbani huwavuta wezi wabaya kuliko tembo.

Hata hivyo wakulima wana haki ya kulalamika juu ya jambo moja. Mara nyingi askari wa Shirika la Wanyamapori, lile tuliitalo KWS, huwa mbali. Tembo aingia usiku, gari lafika asubuhi, na askari ahesabu mabua. Kumwambia mkulima angoje, bila kumleta wa kumngojea, si shauri jema. Kwa hiyo dawa ni kuisogeza bunduki inayofaa pamoja na mtu anayeijua.

MNAYOPASWA KUOMBA BARAZANI

1. Ombeni kituo cha askari wa wanyama karibu na skimu yenu katika miezi ya mavuno. Kiwe na bunduki ya .30 na ya .375, risasi za kutosha za kila moja, na gari au pikipiki ya kazi.

2. Ulizeni bila haya: askari hawa walipiga shabaha mara ya mwisho lini? Ni haki yenu kujua. Bunduki nzuri mikononi mwa asiyezoea ni sawa na mbaya.

3. Andikeni kila kuingia kwa wanyama: tarehe, saa, mnyama gani, wangapi, walipitia wapi. Askari aliyejua kwamba ni nyati hatakuja na bunduki ya nyani.

4. Mnyama akijeruhiwa, msimfuate. Toeni habari mara moja kwa chifu na KWS, zuieni watoto na watu wa maji wasipite upande huo, na mwonyesheni askari alama ya damu.

5. Tengenezeni ua, handaki na ulinzi wa zamu. Ua wa umeme wa Aberdare, wa kilomita 400 hivi, ulianzwa mwaka 1989 ukamalizwa mwaka 2009, nao umewalinda wakulima wengi bila risasi hata moja. Tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilisema kwamba mtu asiyejitahidi kulinda mazao yake hastahili fidia.

Sheria hiyohiyo iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Ni fedha nyingi, na wako waliozingoja miaka. Lakini hakuna mke wala mtoto aliyewahi kuona kwamba zimetosha badala ya mtu wake.

Kwa hiyo barazani msiseme tena, "Tupeni bunduki." Semeni, "Tuleteeni .30 kwa wadogo, .375 kwa wakubwa, na watu wanaojua kuzitumia." Ombi lililo wazi ni gumu kukataliwa, na likikataliwa mwajua la kuuliza tena mwezi ujao.