Tuache kuwafundisha mafundi kubahatisha

Ninafundisha mafundi wa mitandao ya kompyuta hapa Morogoro, na kila muhula lalamiko ni lile lile: “Mwalimu, Linux hii mbovu, haina ifconfig.” Si mbovu. Tangu Debian 9 ilipotoka mwaka 2017, kifurushi cha net-tools chenye ifconfig na netstat hakiwekwi tena pamoja na mfumo. Kazi ya ifconfig sasa hufanywa na amri ya ip, na ya netstat na amri ya ss, zote zimo katika iproute2. Vitini vyetu vingi bado vinaimba ifconfig.

Vitini vitarekebishwa. Kinachonikera ni anachofanya kijana akishaambiwa kwamba amri haipo. Anadhani jina la amri ndilo jina la kifurushi: akikosa amri ya dig, ya kuuliza DNS, anaandika apt install dig, anakataliwa. Hapo mmoja ananakili mistari ya mtu asiyemjua na kuitangulizia sudo, yaani anamkabidhi mgeni mamlaka yote ya mashine. Mwingine anafuta mfumo mzima na kuuweka upya. Bando linateketea, na dig bado haipo.

Jibu limo humo humo kwenye mfumo. Debian na Ubuntu zina programu iitwayo apt-file. Ukishaiweka, endesha apt-file update ili ipakue orodha ya mafaili ya kila kifurushi; hapo data italika. Kuanzia hapo, apt-file search bin/dig itakutajia bind9-dnsutils hata intaneti ikikatika. Watumiaji wa Fedora huandika dnf provides '*/bin/dig' na kuelekezwa kwa bind-utils. Kwa faili ambalo tayari limo kwenye mashine, dpkg -S inatosha kukuonyesha limeletwa na kifurushi gani, ila usiiulize habari za kisichowekwa.

Wapo walimu wenzangu wanaosema haya ni kujichosha, kwani mtandaoni kila jibu lipo. Lipo, lakini la mashine ya nani? Zamani ungeambiwa dig imo katika dnsutils, na kwa Debian ya wakati ule ilikuwa kweli. Orodha ya apt-file hutoka kwenye hazina zile zile ambazo mashine yako huchukulia programu, kwa hiyo inalingana na toleo lako. Tena si amri tu zinazokosekana. Programu ikigoma kufunguka kwa kudai libGL.so.1, hakuna wa kukisia kwamba dawa yake ni kifurushi cha libgl1.

Ndiyo maana napendekeza mtihani wa vitendo ubadilike. Mpeni mwanafunzi mashine isiyo na intaneti, orodha ikiwa imeshapakuliwa, kisha mtajieni faili linalokosekana. Alama zitolewe kwa kutaja kifurushi chake na kuonyesha alivyokipata. Atakayekariri majina ya vifurushi atafeli toleo jipya likitoka. Anayejua kuiuliza mashine ataendelea kufanya kazi.