MASHAURI YA NYUMBANI: Kompyuta Haiendi kwa Prosesa Peke Yake

Juma hili tunaacha kidogo habari za jiko na bustani ili tuzungumze juu ya chombo ambacho sasa kimeingia katika kota nyingi za askari, nacho ni kompyuta ya mezani.

Shemeji yangu mmoja, mke wa koplo wa polisi, aliweka akiba kwa miaka miwili kutokana na kuuza maandazi. Nia yake ilikuwa kufungua kazi ya kupiga chapa barua na mitihani ya shule. Alikwenda mjini kwa muuzaji wa mashine zilizokwisha kutumika, naye akamwambia, "Mama, hii ina gigahezi 3.6, chukua ukafanye kazi." Shemeji akalipa. Alipoiwasha nyumbani, kufungua barua moja kulichukua dakika nzima, na wateja wakaanza kuondoka. Koplo alikasirika, akataka mashine iuzwe hata kwa hasara. Siku waliyokuja kwangu kuomba shauri, walikuwa hawasemezani.

Hebu tuitazame mashine hiyo kama jiko la mesi. Prosesa ndiyo mpishi. Kumbukumbu ni meza iliyo karibu naye, ambapo huwekwa vitu vya kupikwa sasa hivi. Diski ni stoo iliyo ng'ambo ya uwanja. Njia ya kupitishia data, ambayo mafundi huiita basi, ni ule ujia unaoziunganisha sehemu hizo. Mpishi akiwa mwepesi kama umeme, lakini meza ni ndogo na ujia ni mwembamba, chakula kitachelewa, naye atakaa amekunja mikono.

Jambo hili si geni. Kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 yenye mwendo wa megahezi 4.77. Ndani yake ilishughulikia biti 16 kwa pamoja, lakini mlango wake wa nje ulipitisha biti 8 tu. Mwaka 1992 Intel ilitoa prosesa ya 80486DX2 iliyokwenda kwa megahezi 66 ndani, ilhali njia ya nje ilikwenda kwa megahezi 33. Walioinunua walipata mwendo mzuri zaidi, lakini si maradufu kwa kila kazi, kwa kuwa ujia ulibaki ule ule.

Tangu hapo prosesa zimekimbia mbele zaidi ya kumbukumbu. Prosesa ya gigahezi 3.6 hupiga mapigo bilioni 3.6 kwa sekunde moja. Kitu kikihitajika kutoka katika kumbukumbu, kwa kawaida huchukua nanosekunde 60 hadi 100 kufika, yaani zaidi ya mapigo 200 hupita bure. Ndiyo sababu watengenezaji huweka ndani ya prosesa akiba ndogo iitwayo kashe, mfano wa chumvi ambayo mpishi huiweka mkononi asiifuate mezani kila mara.

Upana wa ujia nao una hesabu yake. Kipande kimoja cha kumbukumbu ya DDR4 chenye alama 2400 kinaweza kupitisha, kwa upeo wake, gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Vipande viwili vilivyofanana, vikiwekwa katika nafasi zinazotakiwa, hufungua njia mbili na upeo hufika gigabaiti 38.4. Lakini kimoja kikiwa cha mwendo mdogo, vyote viwili hufuata mwendo wa kile kidogo.

Tulipoifungua mashine ya shemeji, ikiwa imechomolewa umeme, tulikuta kipande kimoja tu cha gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka. Meza ilipojaa, mashine ilikuwa ikipeleka vitu stoo na kuvirudisha bila kukoma. Diski ya namna hiyo hutumia takriban milisekunde 10 kutafuta kitu kimoja. Kwa prosesa ile, hayo ni mapigo milioni 36 ya kungoja. Prosesa haikuwa na kosa lolote.

Basi, kabla ya kutoa fedha zenu, ulizeni kwa utaratibu huu. Kwanza, kumbukumbu ni gigabaiti ngapi? Kwa kazi za kawaida za leo, 8 ni kiasi cha kuanzia. Pili, diski ni ya kuzunguka au ni SSD? Tatu, kumbukumbu iko katika kipande kimoja au viwili, na ni ya aina gani? Kipande cha DDR3 hakiingii katika nafasi ya DDR4, wala msikilazimishe. Mwisho ndipo muulize gigahezi, tena mkikumbuka kwamba gigahezi za prosesa ya kale hazilingani na za prosesa mpya.

Shemeji aliongeza kipande cha pili kilichofanana na cha kwanza, akabadili diski kwa SSD. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei aliyolipa mwanzo. Mpishi ni yule yule, lakini sasa barua hufunguka mara moja, na muhula huu ada ya mtoto wao imetoka katika mashine ile ile ambayo koplo alitaka kuiuza.